Ladu za Mama

Harufu ya samli na iliki ikinipitia popote, hata leo, narudi jikoni kwetu Tabora, sikukuu ya Diwali imekaribia, mama anaviringisha ladu, vile vitamu vya mviringo, nasi watoto tunamzunguka kama nzi.

Mtaani tuliitwa Wahindi, basi, wote sawa. Sikujua kwamba sisi kwa sisi tulikuwa na ngazi, matabaka ya kurithi. Baba alikuwa fundi seremala, mwana wa seremala. Kina Nilesh walikuwa wafanyabiashara, wenye duka la jumla. Hekaluni tuliimba pamoja, lakini kwao tuliishia barazani. Wahindu wengine walikuwa wameshahamia Dar au ng'ambo. Waliobaki wakizungumza Kigujarati ni sisi na wao.

Kila Diwali mama aliwapelekea kina Nilesh sinia la ladu; mwaka ule nilipeleka mimi. Mama Nilesh alilipokea akitabasamu, akaniuliza habari za shule, akanirudishia likiwa limeoshwa.

Kesho yake shuleni, Kabula, ambaye mama yake alifanya kazi za ndani kwa kina Nilesh, alifungua kitambaa. Nilizitambua zile ladu kwa zabibu ambayo mama hubandika juu ya kila moja.

"Wamewapa ngapi?" nilimuuliza.

"Zote," alisema, akinimegea. "Kila mwaka tunapewa zote. Mama Nilesh hali vya kwenu. Sijui kwa nini."

Alisema bila ubaya wowote. Kipande kikaniyeyukia mkononi.

Nilimweleza mama huku nalia. Alikuwa akichambua mchele, na mkono wake haukusimama.

"Najua," alisema. "Tangu nilipoolewa najua."

"Sasa unampelekea za nini?"

"Nenda kamwoshe mdogo wako miguu."

Nilimkasirikia yeye kuliko nilivyomkasirikia Mama Nilesh.

Baadaye kina Nilesh nao wakauza duka. Asubuhi ya safari mama alisimama kwenye dirisha la gari lao, yeye na Mama Nilesh wakazungumza Kigujarati cha harakaharaka, cha kuchekacheka, ambacho sikukifuata vizuri. Gari lilipoondoka akaingia ndani, akalia. Nikamwona mjinga.

Mama aliletwa Tabora kutoka India akiwa bibi harusi, hajui neno la Kiswahili. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na sisi watoto tulimjibu kwa Kiswahili. Nilikuwa mtu mzima, naishi mbali, ndipo nilipoelewa kwamba asubuhi ile mji mzima ulibaki hauna hata mwanamke mmoja wa kucheka naye kwa lugha yake.