Hamira Iliyoonja Maji ya Salamabila

Jumanne asubuhi nilikuwa kwa mama mmoja anayeoka mikate karibu na soko la Kasongo. Mbele yangu alisimama mtafiti, binti wa hapa hapa aliyerudi kuchunguza maji ya machimbo ya dhahabu ya Salamabila. Aliweka mezani kisahani cha kioo chenye kifuniko. Ndani yake mlikuwa na madoa ya hamira, meupe mengi na mekundu machache.

"Hii ni levire, mama, ndugu ya ile unayotia mu mikate," alisema. "Niliitilia maji ya Salamabila. Kama maji iko na sumu ya kuharibu chembe zake, ingine inageuka nyekundu."

Mama alipangusa mikono kwenye kikwembe alichojifunga, akainama hadi pua ikakaribia kioo.

"Basi inatuonjeaka sumu?"

"Ndiyo. Mutu naye anaharibika vilevile ndani, lakini yeye hageuki rangi."

Mama alifunua beseni la unga uliokandwa, akalaza sikio juu yake, kama afanyavyo kila siku kusikia kama umeumuka vya kutosha.

"Miaka yote ninaisikilizaka," alisema taratibu. "Sikujua iko na habari."

Kisha akachota maji yake ya kukandia, akajaza chupa, akamkabidhi mtafiti kwa mikono miwili.

Nimezunguka ofisi nyingi nikiulizia maji ya Salamabila. Jibu la kwanza nimelipata kwa kiumbe kisichoonekana kwa macho, tena bila kuambiwa nirudi kesho.