Finjani ya Mama

Sponji za hedifoni hizi zimechakaa, lakini ukizisogeza puani bado zinanukia udi. Bibi ndiye aliyezifukiza, pamoja na nguo zetu, asubuhi ile Mama alipoturusha kwa ndege yake ndogo kutoka Sur kwenda Nizwa, kwenye mkusanyiko wa marubani. Mjomba, mdogo wake Mama, alikuwa ameshasema, “Dada, kule ndege zitajaa. Waachie wanaume.” Kisha akatangulia kwa gari na dele la kahawa.

Juu ya Nizwa ndege zilifuatana kama magari ya harusi. Tulipokaribia kugusa chini, ya mbele yetu ikachelewa kutoka kwenye barabara ya kutulia ndege. Mama akaongeza mafuta, injini ikanguruma, tukapaa tena.

“Zunguka, mwanangu,” Bibi akasema kule nyuma. “Nani anakukimbiza?”

Mama akazunguka, akatua laini hata sikujua magurudumu yamegusa lini. Marubani wakapiga makofi.

Tulipokaa mkekani, Mjomba ndiye aliyemimina kahawa, maana kwetu mdogo ndiye humimina, na aliyetosheka hutikisa finjani. Mama akanywa, akairudisha bila kuitikisa. Mjomba akamimina. Akanywa, akairudisha vilevile. Mjomba akamimina tena, mkono umeshachoka, na marubani wengine wote wanangoja zamu yao. Mama anamtazama tu, anatabasamu.

“Wallahi, Dada,” Mjomba akasema, “nimekubali.”

Ndipo Mama alipoitikisa.