Fulana ya Kupimiwa

"Hivi wewe, huyu mtoto unamlisha, au unamwonyesha chakula tu?"

Aliyeuliza ni jirani, yule waliyemwita Mama Redio kwa kuwa habari haikupata kupoa mdomoni mwake. Alikuwa amesimama mlangoni pa fundi cherehani, blauzi ya kupunguzwa mikono begani, anacheka. Hakuwa na ubaya. Ni mdomo tu, Mungu ndivyo alivyomjalia. Fundi alijibu, "Namlisha, shoga," akainamia cherehani yake, akashona mshono mrefu uliopinda mpaka ukabidi ufumuliwe.

Asubuhi hiyo walikuwa wote kwenye zahanati ya watoto. Mizani ya pale ilikaa ukumbini, mbele ya benchi la akina mama, na karani wa kadi alikaa upande wa pili nyuma ya dirisha la kioo. Nesi akishampima mtoto alimtajia karani kilo zake kwa sauti ya kumfikia huko aliko. Kwa hiyo zilimfikia karani, zikalifikia na benchi, zikamfikia hata mlinzi wa getini. Mtoto wa Mama Redio, wa miezi minne, alitajwa kilo saba na nusu, akina mama wakampongeza kama aliyefaulu mtihani. Akafuata wa fundi, wa miezi minne vilevile. "Kilo tano na nusu," nesi akatangaza. Benchi likanyamaza. Mmoja akamtazama fundi toka kichwani hadi miguuni, akahamisha macho ukutani.

Ninyi mliozaa mnajua ukimya wa namna ile. Na huyu hakuwa mtoto wa kupatikana hivi hivi. Fundi na mumewe, mwashi wa nyumba, walimwombea Mungu miaka sita. Alipozaliwa mdogo kama kiganja, baba yake alimbeba, akamtazama wee, akasema huyu ndiye Bwana Mkubwa wa nyumba hii, sisi wengine ni watumishi. Jina likamkaa. Alinyonya vizuri, akacheka na kila mtu, usingizi wake ulikuwa wa raha. Ila kilo ndizo hazikuwa na haraka.

Sasa, fundi alikuwa hodari wa mapazia. Wanaoshona mapazia wanajua kwamba ndani ya pindo la chini hutiwa vyuma vidogo, bapa kama vifungo, ili pazia litulie lisipeperushwe na upepo. Alikuwa na kopo zima la vyuma hivyo. Na pale zahanati watoto hawakuvuliwa kila kitu, maana ukumbi ulikuwa wa baridi, waliachiwa fulana. Basi mtoto alipokaribia miezi mitano, fundi alikata fulana nene ya mikono mirefu, akaitia bitana, na katikati ya kitambaa na bitana akapanga vyuma kumi na tano, kila kimoja ndani ya kijumba chake ili kisimchome mtoto. Kazi ilikuwa safi. Ukiigusa ungesema ni fulana iliyotiwa pamba.

Nesi alikuwa na foleni ya watoto thelathini. Alimshika Bwana Mkubwa makwapani, akamlaza, akasoma, akataja. Kilo sita na kitu. Benchi likatikisa kichwa kwa kuridhika, na Mama Redio akasema kwa wema kabisa, "Unaona sasa, ulikuwa unamwonyesha tu."

Shida ya jambo kama hilo ni kwamba huwezi kurudi nyuma. Ukishaongeza mwezi huu, mwezi ujao lazima uongeze tena. Vyuma vikafika ishirini, ishirini na vinane, thelathini na vitano. Mwashi siku moja alimtoa mtoto zahanati akiwa na fulana yake, akambeba mpaka nyumbani akihema, akalalamika kwamba Bwana Mkubwa amekuwa mfuko wa saruji. Jioni alipombeba baada ya kuogeshwa akashangaa mbona saruji imemwagikia njiani. Fundi alicheka naye. Lakini akipiga magoti kuomba, kila kitu alimtajia Mungu isipokuwa fulana. Moyoni alikuwa ameiita msaada, na jina hilo lilimtosha mradi asilitamke.

Mtoto alikuwa amekaribia miezi tisa alipoamka na homa, analia akijivuta sikio. Haikuwa siku ya foleni. Fundi alimfunga kifuani akiwa na kishati chepesi tu, akanyakua mfuko wa kadi, akaenda mbio. Wakapokelewa na daktari mwenyewe, mzee mpole aliyekuwa na kawaida ya kukipasha moto kwenye kiganja chake kile chombo cha kusikilizia kifua kabla hajamgusa mtoto. Alimvua Bwana Mkubwa kila kitu, akamweka kwenye mizani ndogo ya chumbani kwake. Akasoma. Akaichukua kadi. Akampima tena.

"Mama," alisema, "wiki tatu zilizopita alikuwa kilo saba na gramu mia tisa. Leo ni saba na mia tatu."

Kisha yakaanza maswali. Anatapika? Anaharisha? Kuna mtu nyumbani anayekohoa kwa muda mrefu? Fundi akawa anajibu hapana, hapana, hapana, na kila hapana ilimkunja daktari uso zaidi. Mwisho alivuta karatasi akaanza kuandika. Alisema mtoto anayepungua hivyo bila sababu hawezi kurudi nyumbani. Leo hii aende hospitali kubwa, alazwe, atolewe damu, apigwe picha ya kifua, watafute kinachomla.

Fundi alitazama ile mikono ya mwanawe, mishipa yake myembamba kama uzi. Aliiona sindano. Akaona pia uso wa daktari siku atakapojua, na benchi zima, na Mama Redio, na mumewe. Alitamani aseme hajui kitu, aende huko hospitali, wapime mpaka wachoke, waseme mtoto mzima. Kalamu ya daktari ilikuwa imefika nusu ya karatasi. Akafungua mfuko. Fulana ilikuwamo, mle ilimokaa siku zote pamoja na kadi. Akaiweka mezani, ikagonga.

"Daktari, usiandike. Hajapungua. Ni mimi."

Daktari aliinyanyua fulana, akaipima kwa mkono, akapapasa bitana. Akaiweka kwenye mizani. Gramu mia saba. Hakucheka, na wala hakugomba. Alimwuliza kama anakumbuka kila mwezi vilikuwa vyuma vingapi, na fundi akamtajia bila kukosea, maana kichwa cha fundi hakisahau kipimo. Daktari akachukua penseli, akatoa gramu za kila mwezi, akatia nukta mpya kwenye kadi chini ya zile za zamani, akaziunganisha. Mstari ukatokea. Ulikuwa wa chini, lakini ulipanda. Ulipanda kila mwezi, na hata leo na homa yake ulikuwa umepanda gramu mia moja.

"Mtoto wako ni mdogo," daktari alisema. "Wapo watoto wadogo. Huyu anakua. Ni sikio tu linamsumbua." Kisha akaivua miwani. "Ila dawa napima kwa kilo, mama. Mwezi uliopita alipokohoa nilimpa dawa ya mtoto mwingine, mzito kuliko yeye. Mungu amekuhurumia."

Hilo ndilo lililomtoa machozi. Alilia pale kwenye kiti, mtoto mapajani, na ndani ya kile kilio kulikuwa na raha ambayo hakuwa ameijua tangu mtoto alipokuwa wa miezi minne. Hakuna kulazwa. Hakuna kinachomla mwanawe. Hakuna chuma cha thelathini na sita. Daktari aliichana ile karatasi, akaandika matone ya sikio na dawa ya homa, safari hii kwa kilo za Bwana Mkubwa mwenyewe. Bwana Mkubwa kwa upande wake alikuwa ameikamata penseli, anaitafuna.

Alipotulia, daktari alimwuliza kilichomfanya mwanamke mwenye akili kushona kitu kama kile. Fundi akamweleza habari za benchi, na dirisha la karani, na sauti. Daktari aliivaa tena miwani yake. Miaka yote hiyo mlango wake ulikuwa ukifungwa saa za kupima, na hakuwahi kukaa upande ule. Alitazama mlango, kisha akamtazama fundi, akamwuliza angependa yeye afanye nini.

Fundi alifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Naomba nesi auandike uzito kwenye kikaratasi, ampe mama, mama mwenyewe ampelekee karani. Asiutaje tena."