Pampu na Koki Zilizongojana

Nisikilize kidogo, wewe unayedhani kuthibitisha programu kwa kompyuta ni kazi ya wachache. Mimi niliifanyia kwenye meza ya shangazi yangu, juu kidogo ya mji wa Soni, milimani, pembeni ya beseni la viazi.

Shangazi alikuwa na kisima bondeni na miche ya kabichi kwenye matuta ya juu. Nilimtengenezea vipande viwili vya programu: kimoja cha kuendesha pampu, kingine cha kufungua koki ya umeme kwenye bomba linalopanda shambani. Siku ya kwanza vilikwama. Shangazi akapandisha maji kwa ndoo siku nne, na nusu ya miche ikafa.

"Hii ikikwama tena," alisema, "ndoo utabeba wewe."

Safari hii majaribio peke yake hayakunitosha. Jaribio linakueleza kuhusu siku uliyojaribu. Uthibitisho unaeleza kuhusu siku zote. Basi nikaandika ahadi ya kila kipande: kinahitaji nini ndipo kifanye nini. Nikaikabidhi programu nyingine, ya kuhakiki hoja hatua kwa hatua. Hiyo haina upole: kwa kila hatua inadai sababu, ikikosa hata moja inakataa. Pampu peke yake ikapita. Koki peke yake ikapita. Nikaziunganisha, nikadai kwamba maji yatafika shambani. Ikakataa.

Nikahangaika asubuhi nzima. Shangazi akauliza, "Inasemaje?"

"Pampu haiwaki mpaka koki iseme imefunguka, isije ikapasua bomba. Koki nayo haifunguki mpaka pampu iseme inazunguka, maji yasirudi bondeni."

Aliacha kumenya viazi, akacheka. "Kumbe kila mmoja anajiona mkubwa, anangoja aamkiwe! Mmoja si aseme shikamoo yaishe?"

Ndiyo hiyo! Kila ahadi ilikuwa sahihi, ila zilitegemeana kwa duara. Nilipojaribu mezani sikuwahi kuliona duara hilo kwa sababu pampu nilikuwa naiwasha kwa mkono. Nikabadilisha sharti moja tu: koki ifunguke ikisikia pampu iko tayari, hata kama haijazunguka. Yakirudi maji ya sekunde mbili, hayana neno. Programu ya kuhakiki ikapitia kila hatua, ikakubali zote. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu, shangazi!"

"Mtihani wangu mimi uko kule juu."

Tukapanda. Bomba likakohoa hewa mara mbili, kisha maji yakaja, mengi, yakakimbia kati ya matuta hadi mche wa mwisho. Shangazi alipiga vigelegele vilivyowatoa majirani mashambani mwao, akawaambia kwa maringo, "Huyu habahatishi. Amethibitisha!"

Nawe unaweza. Kabla hujaunganisha vipande viwili, andika chini ya kila kimoja kinangoja nini kutoka kwa mwenzake, kisha chora mshale kuelekea kile kinachongojwa. Mishale ikifunga duara, chagua kipande kimoja, ukipunguzie sharti, ndipo uwashe.