Majina Saba kwa Herufi za Mabuti

Mwasiti Maulidi alikuwa mpangaji kurasa wa jarida la *Duara*, lililotoka kila baada ya miezi miwili katika chumba cha kupanga karibu na soko la Shinyanga mjini. Lilikuwa jarida la wachimbaji wadogo, na duara ndilo jina lao la shimo la dhahabu. Mhariri alikuwa Cornel, mtu mpole, mwenye kikohozi kisichoisha. Yeye aliandika, Mwasiti akafanya yaliyobaki.

Herufi alizichagua Mwasiti. Cornel alipenda zile nyembamba, zenye ncha kali kama za vitabu vya sheria. Mwasiti akamwonyesha toleo lililopita: karatasi yao duni ilikuwa inanyonya wino, na vile vikono vyembamba vya mwisho wa kila herufi vilikuwa vimepotea. Akamletea aina nyingine, ambayo nyayo za herufi ni nene na za mraba, unene ule ule wa shina lake.

"Hizi zimevaa mabuti," Cornel alisema akicheka.

Jina likabaki hilo. Vichwa vyote vya habari vikavaa mabuti, na wachimbaji kuanzia Segese hadi Geita wakalitambua jarida lao likiwa bado mkononi mwa muuzaji.

Mwezi wa tatu duara moja karibu na Segese liliporomoka. Matimba, yale magogo ya kushikilia kuta, yalikuwa yameoza. Walikufa watu saba. Cornel alikwenda mwenyewe na kutuma majina kwa ujumbe wa simu. Mwasiti akakataa kuweka picha kwenye jalada.

"Picha ya kifusi kila mtu anayo kwenye simu yake," alimwambia Cornel. "Tuweke majina yao. Majina matupu, makubwa."

Lakini herufi za mabuti ni pana, na majina saba hayakuenea. Alipunguza, akakata mistari, akafuta, akaandika upya mara nne au tano akitazama ule ujumbe. Mstari mmoja ulisema: Kulwa Edward, pacha wake Doto ametoka mzima. Katika kuandika upya huko jicho likarukia jina la pacha. Cornel alilipitia jalada, akasema ni zuri kuliko yote waliyowahi kutoa, akatia sahihi. Zikachapwa nakala elfu mbili.

Siku ya tisa aliingia mama wa makamo, kanga mbili kichwani, jarida mkononi.

"Shikamoo, mama," Mwasiti aliamkia.

"Marahaba. Mimi naitwa Bernadina, mama yao Kulwa na Doto, natoka Segese. Sikusoma, mwanangu. Lakini jina la Doto nalijua tangu alipokuwa anaandika kwenye daftari. Lina mayai mawili." Akaweka kidole kwenye zile O mbili nene. "La Kulwa halina mayai. Niliyemzika ni Kulwa."

Mwasiti alitazama jalada. Akafungua ujumbe wa Cornel, akausoma, akausoma tena. Akaketi.

"Ni mimi, mama. Ni mkono wangu."

"Doto hali chakula," Bernadina alisema. "Wenzake hawataki kushuka naye shimoni. Wanasema ameshaandikwa."

Cornel akaahidi kusahihisha kwenye ukurasa wa kwanza wa toleo lijalo, kwa herufi zile zile. Mwasiti aliupanga ukurasa huo siku hiyo hiyo. Ukakaa kwenye kompyuta mwezi mzima. Mwezi wa tano shirika lililokuwa likiligharamia jarida likaandika barua: habari zote sasa zitatoka mtandaoni, uchapaji usimame. Cornel aliisoma amesimama, kisha akaanza kukusanya vitu vyake.

Mwasiti alichapa majalada kumi yaliyosahihishwa kwa mashine ya ofisini kabla haijachukuliwa, akapanda basi kwenda Segese. Alipofika aliliona jalada la zamani limebandikwa ukutani kwa kinyozi. Akiwa bado ng'ambo ya barabara alilisoma jina la Doto bila taabu. Lilikuwepo pia kwa fundi simu na kwenye kibanda cha muuza maji. Alimwomba kinyozi ruhusa, akabandika jipya kando ya lile, kwa kuwa la zamani liligoma kubanduka.

Kinyozi alisogea, akasoma yote mawili.

"Dada, kwa hiyo wamekufa pacha wote?"

"Hapana, kaka. La zamani lina kosa. Doto ni mzima."

"Mzima yuko wapi?"

Hilo alilijibu Bernadina, nyumbani kwake. Doto alikuwa ameondoka wiki tatu zilizopita kwenda Geita kutafuta duara ambako hawamjui. Hakusema ni lipi. Simu yake haipatikani. Bernadina alipokea jalada jipya, akapitisha kidole mstari kwa mstari, polepole.

"Hapa ni Kulwa?"

"Ndiyo, mama."

"Na zile za mwanzo, mlizitoa ngapi?"

"Elfu mbili."

Bernadina alilikunja jalada, akaliweka chini ya godoro, akamletea mgeni uji.

Sasa Mwasiti anaandaa kadi za harusi na fulana za misiba kwenye duka la vifaa vya ofisi huko Ibadakuli. Mteja akileta jina, anamtaka aliandike kwa mkono wake, kisha alitamke herufi moja moja. Wengine hukasirika, wakaenda duka la jirani. Cornel amerudi kwao na hapokei simu. Bernadina hupiga kila Jumapili baada ya kanisa, akiuliza kama watu wa magazeti wamesikia lolote kutoka Geita. Mwasiti humwambia bado.

"Haya, mwanangu," Bernadina husema, na simu hukatika.