Kutoka Kisu cha Bangkok Hadi Mtori wa Olmotonyi

Nianze na sababu ya safari ili tusipotezeane muda: mwenzenu nilikwenda Bangkok kutengenezewa uke. Nilizaliwa na mwili wa kiume, nikaishi nao kwa ubishi tangu utotoni, na kwa miaka kadhaa sasa wateja wangu wa saluni pale Levolosi wananijua kama Upendo, basi. Kilichobaki ilikuwa kazi ya fundi. Niliwaaga kwamba nakwenda kuondolewa uvimbe, na wala haukuwa uongo sana.

Kabla ya kuondoka nilimpigia mama simu kule kijijini Olmotonyi. Madaktari walishasema nikirudi nitahitaji wiki nyingi za kulala, kupikiwa na kutobeba hata ndoo, na chumba changu cha Levolosi kina choo cha kuchangia na wapangaji wa nyumba nzima. Mama anajua mimi ni nani. Nilimwambia zamani, akalia, na hatukulizungumza tena. Yeye ndiye huja mjini kuniona, mimi siendi kwake. Siku hiyo aliniuliza nitakaa wiki ngapi. Kisha akasema nije, ila majirani atawaambia ni mgeni. Nikakubali, nikakata simu, nikawa na hasira siku nzima. Jamani, mgeni kwa mama yangu mzazi!

Bangkok, baada ya kisu, nilizinduka nimefungwa kama robota la mitumba. Chini nilikuwa nimejazwa bandeji, na mpira wa mkojo ukining'inia pembeni. Maumivu yalikuwepo, sitawadanganya, lakini dawa zao ni kali na nililala sana. Siku walipotoa bandeji niliomba kioo. Nilichokiona kilifanana na andazi lililoungua upande mmoja. Nikamuuliza nesi, mama mmoja mpole ajabu, kama ndivyo kitakavyobaki. Akaniambia kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba wagonjwa wote huuliza hivyo, na kwamba nivute subira, uvimbe utashuka. Nilicheka mpaka mishono ikanivuta, kisha nikalia kwa furaha, maana andazi au si andazi, lilikuwa langu.

Mpira ulipotolewa, mkojo wa kwanza ulikwenda pande zote isipokuwa chooni. Hilo hakuna aliyenionya. Nesi alinifundisha pia vijiti. Ni vitu laini vya plastiki, kimoja kinene kuliko kingine, unaviingiza ukiwa umelala chali ili njia mpya isijifunge. Ni kazi ya kila siku, mara kadhaa kwa siku, na haina utamu wowote. Mimi nilikuwa naimba nyimbo za kwaya kichwani ili muda uende, Mungu anisamehe.

Nilipopata ruhusa ya kupanda ndege nilirudi nikiwa nimekalia mto wenye tundu katikati. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ofisa wa forodha alifungua begi, akatoa kijiti kinene, akakiinua juu, akakigeuza. Akauliza ni kifaa cha nini. Nikamjibu kwa adabu zote kwamba ni cha matibabu ya kike, na kama anataka maelezo zaidi ninayo. Hakutaka. Alikirudisha haraka, akafunga zipu mwenyewe.

Olmotonyi nilikuta ukungu na baridi, Mlima Meru hauonekani kabisa. Mama ni Mchaga wa Machame aliyeolewa huku, na tangu baba afariki anaishi na ng'ombe wake wawili na migomba. Aliuliza kitu kimoja tu: kidonda kiko wapi? Nikamwambia kiko chini. Akatikisa kichwa, akaingia jikoni, na kuanzia hapo nikatunzwa kama mzazi. Mama yangu anajua tiba moja ya mtu mwenye mishono huko chini, nayo ni ile ya mwanamke aliyetoka kujifungua. Mtori wa ndizi na nyama asubuhi, mtori jioni, katikati supu ya kongoro la ng'ombe. Kanga ya kufunga tumbo, ingawa nilimweleza tumbo halijaguswa. Beseni la maji ya uvuguvugu la kukalia, na hapo yeye na Bangkok walikubaliana. Nikiwa na vijiti vyangu alikuwa akigonga mlango, nikisema bado, anakwenda kuongeza sauti ya redio. Lakini jina langu hakulitamka. Alikuwa ananiita "wewe".

Sasa kwa kijiji chetu, nyumba inayonuka mtori kila siku, yenye kanga nyingi kwenye kamba na mgeni wa kike asiyetoka nje, imepata mtoto. Hakuna anayehitaji kutangaziwa.

Jumatano mchana walikuja akina mama watatu na ndizi na kibuyu cha maziwa, wakiongozwa na Mama Ndelilio, aliyenifundisha shule ya Jumapili na kunifinya sikio zaidi ya mara moja. Nilimpa shikamoo nikiwa juu ya mto wangu. Akaitika marahaba, akaniangalia usoni kwa muda mrefu. Kisha akauliza mtoto amelala wapi, wamwone. Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. Mimi nikaona nimwokoe.

"Mtoto hakukaa, mama," nikasema.

Wacha wee. Walishika midomo, wakaweka kibuyu chini, wakanizunguka, na Mama Ndelilio akaanza kumwombea marehemu. Alifika mbali. Alikuwa ameshamfikisha malaika huyo mbinguni mama alipoingia sebuleni.

"Mama Ndelilio, simamisha maombi. Hakuna mtoto aliyekufa kwenye nyumba hii."

Wakafumbua macho. Mama alikuwa bado ameshika mwiko, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Huyu ni Upendo, mwanangu wa kwanza. Unamjua, umemfundisha mwenyewe. Amepasuliwa, yuko kwao anajiuguza."

Wote watatu walijua kwamba mtoto wa kwanza wa mama alikuwa wa kiume. Mmoja alichukua mkoba akatoka bila kuaga, wa pili akamfuata. Mimi moyo ulikuwa unanidunda mpaka kwenye mishono, maana maneno ya namna hii yanaweza kumletea mtu watu wabaya mlangoni. Mama Ndelilio alibaki amekaa. Akamuuliza mama kama ndivyo ilivyokuwa miaka yote hiyo. Mama akasema ndiyo. Mama Ndelilio akasema hatatudanganya kwamba ameelewa. Kisha akakisogeza kibuyu kwangu kwa mguu.

"Maziwa ni ya mgonjwa," akasema. "Nikirudi nayo wataniuliza."

Alipoondoka mama alinigombeza vibaya sana. Nisije tena kuua mtu sebuleni kwake, hata wa kutunga. Jumapili alikwenda kanisani peke yake, na aliporudi nikamuuliza ilikuwaje. Akasema benchi lake lilikuwa tupu, amekaa kwa nafasi. Lakini hakula mchana ule, na mimi nilijua nimemgharimu nini.

Siku ya kurudi Levolosi, uvimbe umeshuka na andazi limeanza kuwa na sura, mama alinisindikiza hadi barabarani akiwa amebeba begi langu mwenyewe. Nilimshukuru, nikamwambia nikitaka kuja tena nitapiga simu kuomba. Akatua begi.

"Kuomba nini? Mgeni ndiye anayeomba. Wewe ukitaka kuja, njoo."

Mkiniuliza nimejifunza nini safari hii yote, nimejifunza kwamba kisu kinavumilika. Mpira wa mkojo unavumilika, hata vijiti vinavumilika. Lakini kwa neno hilo la mama, pale barabarani nililia kwa sauti mbele ya wapita njia, na mama akanishika mkono akaniambia nipunguze, nitafumua mishono.