Chumba Kilichongoja Mgeni Rasmi

Mimi si mtu wa vikao. Jeshini kikao kilikuwa mtu mmoja anasema, wengine tunaitikia, kazi inaanza. Ndiyo maana nilipochaguliwa kuingia kwenye kamati ya mipango na bajeti ya tawi la chuo hapa Masasi, kama mwakilishi wa wanafunzi waliotoka jeshini, siku ya kwanza nilifika na shati limenyooshwa kabla mlinzi hajafungua geti. Wajumbe wengine walianza kuingia chai ilipokwisha kupoa.

Askari wa zamani tulikuwa wachache, na wengi walikuwa na kazi zao mjini, wakija madarasa ya jioni tu. Wa mchana tulikuwa wawili. Mimi, mzaliwa wa juu kule Newala, sajini mstaafu. Na mwenzangu wa Chiwata, mdogo kwangu kwa umri na kwa cheo, ambaye mkataba wake wa jeshi haukuongezwa. Sote tuliwahi kupelekwa nje kulinda amani. Mimi nilirudi na sikio moja linalofanya kazi. Yeye alirudi mzima, kila kiungo mahali pake, na hilo ndilo lililomponza, kwa sababu watu wakikuona mzima hawakuulizi kitu.

Nilimpenda sana. Aliendelea kuniita afande hata baada ya kumkataza. Alitaka kuwa mwalimu wa hesabu, na shule alishajichagulia, sekondari moja upande wa Lulindi, nyumbani kwa mkewe. Kila akipita pale na bodaboda alimwomba dereva apunguze mwendo aitazame. Nilimtania kwamba mtu huchumbia binti, hachumbii shule. Alicheka na kusema shule haidai mahari.

Tatizo lake lilikuwa mashine ya kupulizia salfa. Huku kwetu mikorosho ikianza kuchanua lazima ipuliziwe, la sivyo ugonjwa wa ubwiri unga unayakausha maua na msimu umekwenda. Hupuliziwa asubuhi, umande ungalipo, ili salfa ishike. Chuo chetu nacho kina shamba la mikorosho, nyuma tu ya madirisha ya madarasa. Mtu anabeba mashine mgongoni, anavuta kamba, inakohoa, inakohoa tena, halafu inanguruma. Watu wa huku kusini tumezaliwa na sauti hiyo, na yeye pia. Lakini aliporudi, hakuiweza tena.

Aliniambia mara moja tu kwa nini. Tulikuwa tunakula ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, chumbani kwangu, ninapopanga karibu na stendi.

"Afande, gari letu lilikwama kwenye tope. Dereva akakanyaga mafuta. Waasi wanapiga risasi, yeye anakanyaga. Alipokufa mguu wake ulibaki palepale, gari likawa linanguruma tu."

Akachukua mng'oko mwingine, akaumenya taratibu, akaula. Nikamsogezea sahani. Sisi tuliopita huko hatuambiani pole.

Mwezi wa saba, katikati ya mtihani wa hesabu, mashine iliwaka nje ya dirisha. Aliweka kalamu mezani, akasimama, akatoka. Nilimkuta barabara ya kwenda Chiwata anatembea, jasho limemlowa, hajui kofia yake ameiacha wapi. Akapewa sapu, yaani arudie mtihani ule baada ya wiki kadhaa. Ukishindwa sapu unadisko, unarudishwa nyumbani moja kwa moja. Na tarehe iliyopangwa, msimu wa salfa ulikuwa bado haujaisha.

Nikaenda kwenye kikao cha kamati na ombi moja.

Lazima niseme kwamba kamati ile haikuwa na watu wabaya. Afisa mipango, mama mmoja aliyehamishiwa hapa kutoka Kilimanjaro, alitupigania kweli. Mwanzoni kila jambo letu lilijibiwa hakuna kifungu, maana pesa ya chuo haitoki mpaka kazi yenyewe iwe na fungu lake kwenye bajeti. Yeye ndiye aliyepata wazo kwamba mapato ya korosho za chuo yawe kifungu chetu. Tukapiga makofi sote, na mimi nilipiga. Kwa kuanzia likatengwa jengo dogo la upande wa pili wa chuo, mbali na mikorosho, linalotazama milima ya mawe, liwe chumba cha kupumzikia na kujisomea cha wanafunzi waliotoka jeshini. Kilipakwa rangi, kikawekwa viti na mapazia, na kibao juu ya mlango. Kisha kikafungwa kwa kufuli.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nilisema, "naomba mwenzangu afanyie sapu kwenye chumba chetu kile. Meza moja, kiti kimoja, msimamizi mmoja. Kama viti vipya havitakiwi kuguswa, nitabeba cha nyumbani."

Afisa mipango alinitazama kwa huruma. "Baba, chumba hakijafunguliwa."

"Mama, ufunguo si huo mezani?"

"Hakijafunguliwa rasmi. Mgeni rasmi hajatupa tarehe. Tukianza kukitumia, atakuja kukata utepe wa chumba ambacho watu wameshakalia? Tutamwambia nini?"

Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Nilitazama nione kama kuna anayetania, hakuwapo. Nikaomba basi siku hiyo moja mashine isiwashwe. Mhasibu akasema kwa upole kabisa kwamba korosho zile ndizo kifungu chetu wenyewe, mzunguko mmoja ukirukwa ubwiri unga ukaingia, tutakuja kulia sisi. Hapo hasira zikanipanda. Nilisimama, nikasema neno ambalo sajini huwaambia makuruta waliolala lindoni, na kwa sauti ileile. Mwenyekiti akaagiza lisiingie kwenye kumbukumbu za kikao. Kuhusu ombi langu akasema wataangalia. Ofisini ukiambiwa hivyo, ujue wameshaangalia.

Usiku wa kuamkia sapu alilala kwangu, kwa sababu kutoka Chiwata asubuhi angechelewa. Alfajiri mkewe akapiga simu tunakunywa chai, wakaongea, kisha akataka kuzungumza na mimi.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba."

"Mwangalie mwenzio, shemeji. Akirudi na hii safari ameshindwa, sijui nitamwambia nini tena."

Nikamwambia aondoe wasiwasi, nipo. Sijui niliyatoa wapi maneno yale.

Tulifika chuoni mapema. Alikaa safu ya mbali na madirisha, msimamizi alimruhusu, na alipopewa karatasi aliinama akaanza kuandika haraka haraka. Nilisimama nje chini ya baraza nikimwona kupitia mlango. Alifungua ukurasa wa pili. Nikaanza kuamini kwamba labda wale waliosema wataangalia wameangalia kweli.

Mashine ikakohoa. Mimi kwa sikio langu hili niliisikia kama iko mbali, lakini nilimwona yeye mabega yakipanda. Sikusubiri. Nilizunguka jengo nikakimbia hadi shambani, jinsi mtu wa umri wangu anavyokimbia. Aliyekuwa na mashine ni mkulima wa kijiji jirani, uso na nguo vimejaa unga wa njano, kitambaa puani. Nilimpungia mikono. Aliponiona akaizima papo hapo.

"Shikamoo baba. Kuna msiba?"

"Marahaba. Kuna mtu anafanya mtihani mle ndani."

Akavua kitambaa. "Mbona hawakusema? Mimi ningeanzia upande ule wa barabarani, nikamalizia huku. Umande wa huku hukawia kukauka."

Ilikuwa rahisi hivyo. Hakuna aliyekuja kumwambia neno, basi. Alibeba mashine yake akaenda barabarani, na mimi nikarudi mbio na furaha ya kijinga kifuani.

Kiti kilikuwa kitupu. Msimamizi akaniambia ametoka, karatasi ameiacha, na kwa mujibu wa taratibu akishatoka harudi. Nilimsihi. Alisikitika, lakini taratibu ni taratibu.

Nilikwenda barabara ya Chiwata, sikumkuta. Nilimkuta kule upande wa pili, ameketi kwenye ngazi ya chumba chetu, ameegemea mlango wenye kufuli, macho kayafumba. Juu ya kichwa chake kibao kilikuwa kimefunikwa gazeti, kisomwe siku ya sherehe.

"Afande," alisema bila kufumbua macho, "hapa kimya."

Nikakaa kando yake. Nililia, sioni aibu kusema. Yeye hakulia.

Mgeni rasmi alikuja mwezi wa kumi na moja, korosho zimeshauzwa na kifungu chetu kimenona. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kulikuwa na ngoma, kulikuwa na pilau, utepe ukakatwa, na mimi kama mwakilishi nikapewa nafasi ya kutoa shukrani. Nikashukuru. Afisa mipango alifurahi mpaka akafuta machozi, na sikuwa na moyo wa kumharibia siku yake.

Mwenzangu alishadisko zamani. Yuko Chiwata analima mihogo. Nilikwenda kumwona, mkewe akanipokea vizuri na kunipikia, lakini kuhusu simu ile hatukugusia. Mikorosho yake haipuliziwi salfa, maua yananyauka, na majirani wanamwita mvivu. Kuhusu shule ya Lulindi sikumtania tena.

Siku hizi najisomea mle chumbani peke yangu, kwa kuwa wale wa jioni wanakikuta kimefungwa. Viti bado vinanuka upya. Msimu wa salfa ulipoanza tena, nilikwenda makusudi asubuhi na mapema, nikafunga mlango, nikageuza sikio langu zima upande wa shamba, nikangoja. Kupitia dirisha la nyuma niliona vumbi la njano likipanda juu ya miti. Mashine haikusikika kabisa.